Dondoo muhimu: Kutoka Jangwani, Dar es Salaam, hadi hoteli ya kifahari Unguja

Kabla hujalipia chumba, ulizia ufukwe. Paje na Jambiani, maji yakipwa hurudi mbali mno. Unabaki na mchanga mweupe na mashamba ya mwani. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, kupwa huko huzidi. Ukitaka kuogelea wakati wowote, nenda Nungwi au Kendwa. Jambo hili la maji kupwa limeharibu fungate nyingi, nami naumia kila nikilisikia.

Masika, Machi hadi Mei, bei za vyumba hushuka. Ila Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa hapo Jangwani na boti ya Unguja itakuacha. Usiku wa kuamkia safari lala upande wa Posta, karibu na boti.

Kanga na kikoi za kujifunika ukifika, nunua Kariakoo kabla ya kuondoka. Muombe muuzaji udondoshe tone la maji pembeni: pamba hulinywa papo hapo, poliesta huliacha likiteleza.

Boti huchukua kama saa mbili. Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, kaa nyuma katikati. Beba kitambulisho. Ukishuka Mji Mkongwe, funika mabega na magoti.