Kupanga Nyumba Chumba kwa Chumba

Watoto, tazameni pembe za nyumba yenu. Utaona nini? Jembe lisilo na mpini, makopo matupu, chupa bila kizibo, magunia yaliyooza, kiatu kimoja ambacho mwenzake amekwisha kupotea. Ukiuliza, utaambiwa: «Acha, kitafaa kesho.» Na kweli, kitu kimoja katika kumi hufaa. Vile tisa vinakaa, na chini yao wanakaa wageni wasioalikwa.

Mgeni wa kwanza ni panya. Yeye anakula mbegu, tena viroboto wake waweza kuleta tauni, ugonjwa unaojulikana katika nchi ya Ituri. Mgeni wa pili ni mende. Lakini mgeni mbaya kuwapita ni papasi, ambaye wengine wanamwita kimputu.

Papasi si kama kupe wa ng'ombe. Kupe anashika mwili, unamwona, unamtoa. Papasi anajificha mchana katika nyufa za udongo, chini ya mikeka na vitu vya zamani. Usiku anatoka, anakunywa damu ya mtu aliyelala, kisha anarudi ufani. Asubuhi hamna mtu aliyemwona. Aweza kukaa miaka bila kula, akingoja tu. Homa yake inapanda sana, inashuka, mtu anadhani amepona. Halafu baada ya siku chache inarudi.

Habari hiyo ilipatikana katika nchi yetu. Mwaka 1903 waganga wawili, Dutton na Todd, walifika Kongo kutoka Liverpool, Uingereza. Walikuja kuchungua ugonjwa wa usingizi, wakachungua na homa hii pia, wakaonyesha kwamba papasi ndiye anayeileta. Wote wawili walishikwa nayo. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo, katika Maniema, mwezi wa Februari 1905. Alikuwa na miaka 30.

Basi, tutafanyaje? Mtu asitoe vitu vya nyumba nzima siku moja. Saa kumi mvua itanyesha, mama atatafuta sufuria, na vitu vyote viko uani! Shika chumba kimoja. Kesho au juma lijalo, kingine.

Anza na chumba cha kulala, kwa maana papasi anamtafuta mtu aliyelala. Chagua siku ya jua. Toa kila kitu, hata kitanda. Usisukume vitu upande mmoja na kufagia upande wa pili, maana papasi naye atahama pamoja navyo. Tandika mikeka na blanketi juani. Fagia kuta, kisha sakafu. Mwaga maji ya moto katika nyufa (mtu mkubwa afanye kazi hiyo), halafu kanda udongo na kuziba kila ufa. Kazi ya kuziba ni ndefu na inachafua mikono, lakini bila hiyo kufagia ni mchezo tu.

Udongo ukikauka, tenga vitu mafungu matatu: vinavyotumiwa, vya kupeleka pengine, na vilivyokufa. Vya fungu la kwanza tu vinarudi ndani. Kitanda kisigusane na ukuta.

Angalia, usitupe kitu cha mwenzako bila kumwuliza. Mtoto mmoja aliona kitunga kilichotoboka chini ya kitanda cha nyanya yake.

— Tate, kitunga hiki kimeoza. Nikitupe motoni?

— Ngoja, mjukuu wangu. Tia mkono kwanza.

Ndani, katika majani ya mgomba, mlikuwa mbegu za maharagi za kupanda mvua ikianza. Kama angekitupa, jamaa wangepanda nini? Walichanganya mbegu na majivu, wakazitia katika kibuyu chenye kizibo. Kitunga kilichomwa, na Tate mwenyewe alicheka. Hata makaratasi ni hivyo: kadi ya chanjo au cheti cha shule vinaonekana kama takataka kwa mtu asiyejua kusoma. Vitafutieni kopo moja lenye kifuniko, vikae humo pamoja.

Siku ya jikoni ni nyepesi: osha vyungu, vitundike, makala yakae katika gunia moja karibu na mbabula. Unga usilale wazi.

Ghala na nyuma ya nyumba vinakuja mwisho. Huko makopo ni mengi. Kopo likikaa wazi, mvua inalijaza, na mbu anataga mayai humo. Siku kumi hivi, mbu wapya wanaruka. Yule mwenye madoadoa meupe, anayeuma mchana, aweza kuleta homa ya manjano. Kopo zuri lioshwe, liwe kipimo cha unga au chumvi. Lililo na kutu litobolewe chini na kuzikwa shimoni. Jembe lisilo na mpini? Mpelekee fundi, au kata mpini leo hii.

Maulizo

1. Papasi anajificha wapi mchana?
2. Kwa nini kitanda kisigusane na ukuta?
3. Dutton alikufa wapi, na mwaka gani?
4. Kulikuwa na nini ndani ya kitunga cha Tate?
5. Hesabu makopo yaliyo nyuma ya nyumba yenu. Mangapi yana maji?