Mas-ala ya Mashini za Kamari

Ama baada ya hayo. Tumeulizwa khabari za zile mashini zitiwazo sarafu, zikazunguka, kisha zikatema fedha au zisiteme: je, ni kamari, hali mchezaji yu peke yake, hana wa kushindana naye?

Jua, ewe ndugu, kwamba maysir ya Waarabu wa Jahiliya ilikuwa ni kuchinja ngamia na kutoa mishale 10 mfukoni: 7 ina mafungu, 3 mitupu. Kila aliyeingia aliijua hisabu hiyo. Na juu ya hayo maysir ikaharimishwa, katika Suratul-Maida, aya ya 90.

Mashini asili yake ni Marekani. Mwaka 1891, huko Brooklyn, Sittman na Pitt walitoa sanduku la karata lenye mapipa 5. Lakini mshindi alilipwa na mwenye duka, aghlabu kwa pombe au sigara. Kisha Charles Fey, fundi mzaliwa wa Bavaria aliyekaa San Francisco, akaunda mwishoni mwa karne ya 19 mashini ya Liberty Bell, magurudumu 3, ikilipa yenyewe. Iliingia senti 5. Kengele 3 zikikutana, zilitoka senti 50. Mji ule ukazikataza mashini hizi mwaka 1909. Wenye hila wakalipa chingamu badala ya fedha, na ndipo zilipoingia picha za matunda, zionekanazo hata leo.

Sasa tazama hisabu. Picha 10 katika kila gurudumu ni sura 1,000. Ikiwa kila gurudumu lina kengele moja, zote 3 zitakutana mara moja katika 1,000, na malipo yake ni mara 10 tu. Hiyo ni ya zamani, na ilihisabika kwa macho. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata huko Marekani haki ya uvumbuzi mwingine: kompyuta huchagua nambari kwanza, na gurudumu hufuata tu. Gurudumu laonekana lina vituo 22, yaani sura 10,648. Nambari za ndani zikiwa 64, sura ni 262,144. Jicho laona hisabu moja, na mashini yafuata nyingine.

Hapa ndipo penye mtego. Sarafu ni ndogo, elimu haitakiwi, hapana wa kumcheka aliyeshindwa. Lakini kishikacho watu khasa ni kukosa kwa karibu. Kengele 2 zimetulia, ya tatu imesimama kidogo juu ya mstari, naye asema, "Nilikuwa nimeshapata!" Nambari zaweza kupangwa ndani ili jambo hilo litokee mara nyingi.

Ama jawabu: mwenziwe yupo, naye ni mwenye mashini. Kamari kwa mafakihi ni mtu kuitoa mali yake akawa baina ya kupata na kukhasiri, na kila sarafu hapa i hivyo. Asemaye kwamba yeye anunua mchezo tu, na aondolewe tamaa ya fedha, tuone kama atakaa mbele yake saa nzima.

Na wako wasemao, "Nimeilisha tangu asubuhi, sasa imekaribia kutapika." Mashini haikumbuki asubuhi. Nambari huchaguliwa upya kila mara, na sarafu ya mia ina bahati ileile ya sarafu ya kwanza.