Kuangua Mayai kwa Mashine Nyumbani

Katika mitaa yetu ya Buyenzi, Bwiza na Kinama, watu wengi hufuga kuku wachache uani. Kuku akiatamia huacha kutaga, tena hawezi kufunika vizuri zaidi ya mayai 10 au 12. Mashine ya kuangulia huchukua mayai 50 au zaidi, na kuku akaendelea kutaga. Kazi hii si mpya. Wamisri wa kale walijenga matanuri ya udongo wakaangua maelfu ya mayai. Hawakuwa na kipimajoto, bali walipima joto kwa kuweka yai kwenye kope ya jicho.

Lakini mashine hutia joto tu. Kazi nyingine za kuku hapana budi tuzifanye sisi, siku 21 mfululizo.

1. Mayai. Yai la kuku asiye na jogoo haliangui kamwe, na mengi ya dukani ni ya namna hiyo. Tafuta mayai ya kuku wanaoishi na jogoo, yasiyo na ufa, yasiyopita siku 7 tangu kutagwa. Usiyaoshe.

2. Joto. Mashine yenye feni yataka digrii 37.5, isiyo na feni, kama 38.5, zikipimwa usawa wa juu ya mayai. Iwashe siku moja kabla. Usiiweke dirishani penye jua, maana mchana wa Bujumbura ni mkali, na joto la kuzidi huua upesi kuliko ubaridi.

3. Maji na hewa. Weka bakuli la maji ndani. Siku 3 za mwisho ongeza unyevu, ili utando wa yai usikauke ukamnasa kifaranga. Usizibe matundu ya hewa, kwa kuwa kifaranga hupumua kupitia ganda.

4. Kugeuza. Kuku hugeuza mayai kwa mdomo wake. Wewe geuza mara 3 kwa siku au zaidi, ukiwa umetia alama ya penseli upande mmoja. Siku ya 18 uache.

Siku ya 7 mulika kila yai kwa tochi gizani. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Lililo jeupe tupu liondoe.

Je, umeme ukikatika? Usifungue mashine kila mara kutazama. Kuku naye huondoka kidogo kila siku kwenda kula, na mayai yake hayafi. Funika mashine kwa blanketi, matundu yakiwa wazi. Umeme ukichelewa, weka ndani chupa za maji ya moto zisizogusa mayai, ukiangalia kipimajoto. Lakini usiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Afadhali mayai yote yaharibike.

Siku ya 21 kifaranga hutoboa ganda, kisha hupumzika, pengine saa 12 au zaidi. Usimbandue kwa mkono, maana damu huenda bado imo katika utando, naye atatoka damu afe. Subira huvuta heri. Akitoka, mwache akauke ndani ya mashine. Kiini kilichoingia tumboni mwake humtosha siku 2. Kisha mpe maji, chakula na joto la digrii kama 35 kwa juma la kwanza, ukipunguza kidogo kidogo. Umwulize daktari wa mifugo habari za chanjo ya kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima.

Basi, wenzangu, kabla ya kuomba fedha za mashine nyumbani, kubalianeni kwanza: nani atageuza mayai mkiwa darasani, na nani ataamka usiku umeme ukizimika? Mkishapata majibu hayo, anzeni na mayai machache, mkaandike joto la kila siku katika daftari. Mwaka ujao daftari hilo litawafaa kuliko maneno yangu.