Kabla ya Begi, Kikao

Kila ikifika Julai swali ni lilelile: "Dada, nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ujerumani, nibebe nini?" Hongera sana, mdogo wangu. Ya begi tutayafikia. Kwanza nikuulize mimi: nyumbani umewaambia utapewa shilingi ngapi, na hizo pesa ni za nini?

Maana nayajua yanayokuja. Habari ikishaenea kwenye ukoo, jina linabadilika, unakuwa "mtoto wetu wa Ulaya". Mjomba anawaza simu. Binamu ametuma saizi ya kiatu hata hujaulizia. Na kuna yule mwenye mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hajasema neno, anasubiri utue tu. Hawana ubaya hata kidogo. Hawajui, na wewe umekaa kimya kwa kuona aibu.

Basi waambie kwa hesabu. Kwa mnaokwenda kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, posho ya kujikimu kwa mwanafunzi anayetoka kwetu Tanzania ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi mnayopelekwa. Ukizigeuza kuwa shilingi zinapita milioni mbili, na hapo ndipo macho ya watu yanapowatoka. Sasa wape na upande wa pili. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi wa kigeni anayeomba viza ya Ujerumani hutakiwa kuonyesha kwamba ana euro 992 za kuishi kila mwezi. Kwa hiyo posho yako iko chini ya kile ambacho wenye nchi wenyewe wanakihesabu kuwa ni cha kujikimu. Posho hiyohiyo ndiyo ya chumba, bima ya afya, chakula na nauli. Chumba nacho kina dhamana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, na utadaiwa mwanzoni kabisa, pengine posho ya kwanza haijaingia. Uwe na akiba ya wiki za mwanzo, hata kama ni ya kuchangiwa.

Usiitishe mkutano wa ukoo, utageuka harambee. Mtafute mtu mmoja: mama, au yule shangazi ambaye akisema jambo limesemwa. Mkalie karibu, umwandikie kwenye karatasi kodi ni kiasi gani na kinachobaki ni kiasi gani. Mwambie, "Shangazi, hela hii ni ya kula na kulala. Nikijaliwa kubakiza, nitamkumbuka mama. Wengine naomba unisemee." Akiielewa karatasi hiyo umemaliza. Atawajibu watu kwa niaba yako, tena kwa ukali ambao wewe usingeuweza.

Karatasi ya pili ni ya chuo. Kabla hujaondoka, mkataba wa masomo uwe umesainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako cha hapa na chuo kinachokupokea. Ndani yake yameandikwa masomo utakayosoma kule na yatakavyohesabiwa ukirudi. Muhula mzima kwa hesabu za Ulaya ni krediti 30. Usikubali kuambiwa "nenda tu, tutayaweka sawa ukirudi". Mkuu wa idara anaweza kuhamishwa, mwingine akaja na macho makavu, ukajikuta unarudia muhula huku wenzako wanahitimu. Na kama unasomeshwa na Bodi ya Mikopo, pita kwa afisa mikopo wa chuo uulize boom lako, yaani pesa ya kujikimu, litakuwaje usipokuwepo kusaini. Uliza, na jibu upewe kwa maandishi.

Sasa sikiliza hili la afya, maana watu hulipuuza. Ukipata homa kule wiki za mwanzo, usijiambie ni mafua ya baridi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe: "Natoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Huku kwetu homa ikikugusa, hata muuza duka atakuambia ukapime. Kule malaria ni mgeni, daktari anaweza asiiwaze kabisa, na inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya mbu kukuuma. Ikizidi, namba ya dharura ni 112. Na kurudi nako kuna yake: kinga aliyojijengea mtu aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa mbali nayo. Chandarua kianze usiku uleule utakaofika.

Haya, begi. Koti zito kalitafute kwenye mitumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, limetoka hukohuko na sasa linarudi kwao. Viatu vya baridi nunua kule. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao, kwa hiyo adapta iwe kwenye mkoba wa mkononi. Nyama na maziwa hawaruhusu. Embe bila cheti cha afya ya mimea litaishia kwenye pipa la forodha, ila nazi, ndizi na nanasi vinapita (usiniulize kwa nini nanasi lina bahati kuliko embe).

La mwisho ni upweke, ambao huja Novemba, ugeni ukishakwisha. Desemba pale Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na Jumapili maduka karibu yote yamefungwa. Usijifungie na simu. Kuna vyuo, kama Leipzig na Bayreuth, vinavyofundisha Kiswahili, na wanafunzi wa huko wanatafuta mtu wa kuongea naye kuliko unavyodhani. Wewe unawarekebisha ngeli, wao wanakusomea barua za Kijerumani zinazojaa kwenye sanduku lako.

Kwa hiyo wewe unayeondoka Septemba, orodha ya vitu iweke pembeni kwanza. Mpigie shangazi leo umwambie Jumamosi utakwenda kwake, na uende na kalamu na karatasi.