Silanga ya Kibinafsi: Kagua Ukuta Kabla ya Mvua

Silanga ni hazina Kitui na Makueni, ambako mito mingi hukauka baada ya mvua. Baadhi ya wenye mashamba huifanya pia ziwa dogo la kuvua samaki na kupumzisha wageni. Hata hivyo, maji yaliyozuiwa na ukuta wa udongo ni mzigo mzito.

Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la kibinafsi la udongo lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, na kuua zaidi ya watu 40 walioishi chini yake.

Ukuta wa udongo huvunjika hasa kwa njia mbili. Kwanza, maji yakipita juu yake huukata upesi. Ndiyo sababu njia ya kutolea maji ya ziada huwa chini kuliko ukuta. Anayeiziba kwa magunia ya mchanga ili ziwa lipanuke anaondoa kinga hiyo. Pili, maji hupenya kupitia mizizi iliyooza na mashimo ya wanyama.

Kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, mwenye silanga anashauriwa:

• Kung'oa miche ukutani ingali midogo.
• Kufungua njia ya maji ya ziada.
• Kukagua nyufa na uvujaji. Maji yanayovuja yakiwa na matope, wahamishe mara moja walio chini na umjulishe chifu.

Kujenga bwawa huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Mkazi anayeishi chini ya silanga naye anaweza kuuliza kama kibali kipo.