Somo la 9: Akiba ya Chakula kwa Siku ya Shida

Neno la kusoma nyumbani: Mwanzo 41:33-49



Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, mama mmoja alituletea mtoto wake wa miaka miwili. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, nywele zake zimekuwa nyekundu, naye hakutaka kula wala kucheza. Ugonjwa huo huitwa kwashiorkor. Nilimwuliza mama, "Nyumbani mnakula nini?" Akajibu, "Bukari na sombe, mara moja kwa siku, tangu Oktoba." Nikauliza tena, "Je, hamkulima?" Akasema, "Tulilima, mganga. Tulivuna magunia sita ya mahindi na mawili ya maharagi. Tuliuza yote mwezi wa Mei, bei ikiwa chini. Sasa tunanunua sokoni kwa kipimo kidogo, na bei imepanda."

Mtoto yule alipona, lakini baada ya majuma mengi. Tufahamu jambo hili: ugonjwa wake haukuanza Desemba. Ulianza Mei, siku ile gunia la mwisho lilipotoka nyumbani. Kwa hiyo leo tunajifunza namna ya kuweka akiba ya chakula, bila fedha nyingi, na namna ya kuilinda isiharibike.

1. Shida huja kwa njia nyingi

Sisi wa Moba twajua habari hii. Wakati wa vita vya mwaka 1998 mpaka 2003, watu wengi wa huku walikimbilia Zambia, wakaishi katika kambi za Mwange na Kala. Kuanzia mwaka 2007 wengi walirudishwa kwa meli, toka Mpulungu mpaka bandari ya Moba. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu huko Kalemie. Mwaka uleule Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana.

Tena ziko shida ndogo. Baba anavunjika mguu wakati wa kulima. Mtoto analazwa hapa majuma matatu. Dhoruba inazuia mashua, au mvua inakata barabara.

Shida hizi hazifanani. Lakini nyumba yenye chakula cha majuma mawili hupata nafasi ya kufikiri. Nyumba isiyo na kitu huuza mbuzi, jembe, na hata mbegu, siku za kwanza tu.

2. Tuweke nini, na kiasi gani?

Tusitafute vyakula vya kigeni vya makopo. Tuweke vile tunavyokula kila siku: mahindi, mihogo mikavu, maharagi, ndagala wakavu, mafuta mekundu ya ngazi, na chumvi.

Katika kambi za wakimbizi, kipimo cha mtu mmoja kwa siku mara nyingi kimekuwa hivi: nafaka gramu 400, maharagi gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Basi tuhesabu kwa nyumba ya watu 6, kwa siku 14:

Mahindi au unga: karibu kilo 34.
Maharagi: kilo 5.
Mafuta: kama litre 2 na nusu.
Chumvi: nusu kilo.

Bidoni moja ya litre 20 huingia karibu kilo 15 za mahindi makavu. Kwa hiyo bidoni mbili na ndoo ndogo ya mahindi, na bidoni ndogo ya maharagi, zinatosha nyumba hiyo majuma mawili. Ongeza ndagala, kwa maana ni chakula cha kujenga mwili wa mtoto. Mafuta ya ngazi yana vitamini A, yenye kulinda macho. Yafunike vizuri, uyaweke mahali pasipo jua. Chumvi iwe ile yenye iodini, nayo isikae wazi.

Weka mahindi ya punje, usiweke unga mwingi. Unga huharibika upesi kuliko punje.

3. Adui wa kwanza ni unyevu

Watu wengi hufikiri kwamba adui wa akiba ni panya na wadudu. Kweli ni adui, lakini unyevu ni mbaya zaidi, kwa sababu huleta kuvu. Kuvu ya mahindi na ya karanga huweza kutoa sumu inayoharibu ini. Huko Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyowekwa bila kukauka vizuri yaliwaletea sumu hiyo watu 317, na 125 kati yao walikufa. Waliweka akiba, lakini haikuwa kavu.

Utajuaje kwamba mahindi yamekauka? Chukua chupa kavu. Tia punje mpaka robo ya chupa, pamoja na vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa juani. Funga, tikisa vizuri, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi isiposhika, yamekauka.

Usianike juu ya udongo mtupu. Tandika mkeka au turubai. Ndagala vilevile: ng'ambo ya ziwa, katika Burundi, wavuvi wamefundishwa kuwaanika juu ya vichanja, nao hukauka vizuri bila mchanga.

Mahindi na maharagi yakiisha kukauka, yapoze kivulini, kisha yatie katika bidoni safi na kavu. Jaza mpaka mdomoni, funga kwa nguvu, usifungue ovyo. Wadudu waliomo humaliza hewa, wakafa. Bidoni iwe juu ya kichanja, mbali na ukuta, wala si chini ambako maji huweza kuingia.

Angalieni sana mambo mawili. Usitumie kamwe bidoni iliyotiwa dawa ya shamba au petroli, hata ukiiosha mara kumi. Wala usitie dawa ya kuua wadudu wa shamba katika chakula. Tena, ukiona kuvu, usioshe na kupika. Moto wa jikoni hauondoi sumu ile. Usiwape kuku, wala usipikie pombe.

4. Mihogo michungu haitaki haraka

Mihogo ni akiba njema, kwa maana hungoja katika udongo. Lakini mihogo michungu ina sumu. Mama zetu walitufundisha kuimenya, kuiloweka majini siku tatu au nne mpaka ilainike, kisha kuianika. Kazi hiyo ndiyo inayoondoa sumu.

Njaa ikija, watu hufupisha siku hizo. Katika wilaya ya Tarime, nchi ya Tanzania, wakati wa ukame wa mwaka 1985, watu walikula mihogo ambayo haikutengenezwa vizuri, na wengine walipooza miguu. Ugonjwa huu huitwa konzo. Ulijulikana katika nchi yetu ya Kongo, upande wa Kwango, tangu zamani. Huwapata hasa watoto na wanawake. Huja kwa ghafula, na miguu hairudi kuwa kama kwanza.

Basi tengenezeni mihogo sasa, wakati wa shibe, na kuiweka ikiwa mikavu. Mwenye mihogo mikavu nyumbani halazimiki kufanya haraka siku ya njaa. Na mtu anayekula maharagi au samaki pamoja na bukari ana nguvu zaidi ya kushindana na sumu hiyo.

5. Tuanze namna gani?

Yusufu huko Misri aliweka sehemu moja kati ya tano katika miaka ya shibe. Nasi tufanye hivyo wakati wa mavuno: kabla ya kuuza, baba na mama waketi pamoja, wahesabu, watenge gunia moja katika matano. Wasingoje kuona kitakachobaki, kwa maana mara nyingi hakibaki kitu.

Asiye na shamba aweke kidogo kidogo. Kilo moja na gramu 300 kwa juma, kwa miezi sita, ndizo zile kilo 34 za mahindi.

Andika kwa makaa mwezi uliojaza kila bidoni. Kile cha kwanza kuwekwa kiwe cha kwanza kuliwa, na mara ukitoa, rudisha kingine. Akiba isiyoliwa huoza.

Weka pia mfuko mmoja mdogo wa unga, maharagi yaliyokaangwa, ndagala na chumvi, ambao mama aweza kubeba pamoja na mtoto mgongoni. Waliokimbia vita wanajua kwamba gunia halibebeki. Badilisha vilivyomo kila mwezi.

6. Siku ya shida ikifika

Usimalize akiba kwa juma moja. Pima kila asubuhi. Watoto wale kwanza, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Uji wao uwe na unga wa ndagala na kijiko cha mafuta. Mama anyonyeshaye asiache. Maziwa yake ni akiba isiyonunuliwa, naye mwenyewe aongezewe chakula. Loweka maharagi usiku kucha, yataiva kwa kuni chache. Chemsha maji ya kunywa, kwa maana kipindupindu hufuata shida.

Tena mkumbuke mjane na mgonjwa aliye jirani. Ghala za Yusufu zilifunguliwa, na watu wakaishi.

Maswali

1. Kwa nini ugonjwa wa mtoto yule ulianza Mei?
2. Tutajuaje kwamba mahindi yamekauka?
3. Kwa nini kupika hakutoshi kuponya mahindi yenye kuvu?
4. Mihogo michungu hulowekwa siku ngapi?
5. Nyumbani kwako mko watu wangapi? Hesabu kilo zenu za siku 14.

Kazi ya juma hili: osha bidoni moja, ikaushe, tia kipimo cha kwanza. Mkija kliniki, mtuambie mmefika wapi.