Vijana wanawashwa, kipa anakohoa: wacheze au wapumzike?

SWALI: Daktari, nafundisha timu ya vijana hapa Busisi, wilayani Sengerema, na tunajiandaa na ligi ya kata. Wachezaji wanne wana mabaka ya mviringo yanayowasha shingoni na mikononi. Beki mmoja ameota jipu pajani. Kipa wangu anakohoa wiki ya tatu sasa, lakini hataki kukaa nje. Wenzangu wanasema ni vumbi la uwanja na jasho tu. Niwaache waendelee?
Kocha, Busisi

JIBU: Kocha, nianze na kipa, maana yeye ndiye asiyeweza kusubiri.

Mtu aliyekohoa wiki 2 au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu, hata kama ana misuli na bado anadaka vizuri. Mpeleke kesho asubuhi kituo cha afya akatoe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini. Muulize pia kama jioni hupata homa, kama usiku analoa jasho, kama suruali zimeanza kumpwaya. Mpaka majibu yatoke, asifanye mazoezi na wenzake wala asilale nao chumba kimoja. Akikutwa na kifua kikuu, kwa wagonjwa wengi tiba ni miezi 6, na anaoishi nao nyumbani wapimwe pia. Asipokutwa nacho, daktari aendelee kutafuta chanzo. Kijana anayekohoa na kupiga filimbi kifuani kila baada ya kukimbia huenda ana pumu, na hiyo ina dawa yake ya kuvuta.

Kwa mafua na vikohozi vya siku chache, tumia shingo kama mpaka. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani kamasi, chafya au koo kukereketa kidogo, mchezaji anaweza kukimbia polepole peke yake, akizidiwa, apumzike. Dalili zikishuka chini ya shingo, yaani kifua kubana, kikohozi kizito, mwili kuuma, au akiwa na homa yoyote, hachezi. Virusi vya mafua makali, pamoja na UVIKO-19, vinaweza kushambulia misuli ya moyo, na moyo uliovimba ukilazimishwa kukimbia unaweza kusimama uwanjani. Asubiri homa iishe kwa angalau siku nzima bila kumeza dawa ya kuishusha, kisha aanze na mazoezi mepesi. Na kwetu huku Kanda ya Ziwa, homa ipimwe malaria kwanza kabla ya kuitwa mafua.

Tuje kwenye ngozi. Mabaka ya mviringo yenye ukingo ulioinuka, magamba pembeni na katikati panapoelekea kupona, mara nyingi ni choa. Ni fangasi, ndugu wa mapunye ya kichwani na wa ule muwasho wa katikati ya vidole vya miguu. Krimu ya klotrimazoli hupakwa mara 2 kwa siku, na huendelezwa wiki 1 au 2 baada ya baka kufutika. Hapo ndipo wengi hukosea: muwasho ukikoma wanaacha dawa, fangasi wanarudi. Kosa la pili ni kununua krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Hutuliza muwasho kwa siku chache huku fangasi wakisambaa chini kwa chini. Mapunye hayaponi kwa krimu, yanahitaji vidonge vya wiki kadhaa. Mwenye choa atibiwe siku 3 kabla ya kugusana na wenzake, na baka lifunikwe.

Jipu la beki wako lisikamuliwe kwa vidole. Alikande kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kisha aende zahanati. Mengine huhitaji kupasuliwa na kusafishwa. Asirudi uwanjani likiwa linatoa usaha. Vidonda vyenye gamba la rangi ya asali huletwa na bakteria kama jipu, navyo huambukiza haraka. Muwasho unaozidi usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, mara nyingi ni upele, na nyumba nzima hupakwa dawa siku moja.

Wenzako wanasema vumbi na jasho. Vyote huchangia, lakini ugonjwa hupita kwa kitu kinachoguswa na watu wawili. Jioni moja nilikaa pembeni ya uwanja wa vijana nikitazama kizibao kimoja cha mazoezi. Kilitolewa kwenye kiroba kikiwa bado na unyevu wa jana. Kijana wa kwanza alikivaa nusu saa, akakivua, wa pili akakivaa kabla hakijapoa. Wakati wa mapumziko wa tatu alikitumia kujifutia uso. Ngozi tatu, kitambaa kimoja, na hapo mazoezi hayajaisha.

Hata timu tajiri hunaswa hivyohivyo. Mwaka 2003, wachezaji 5 kati ya 58 wa timu ya St. Louis Rams ya Marekani walipata majipu ya bakteria sugu. Wachunguzi walikuta yote yameanzia kwenye michubuko ya nyasi bandia, na kwamba taulo moja uwanjani lilitumiwa na hadi wachezaji watatu. Vijana wako wakienda kucheza Nyamagana kwenye nyasi bandia, au wakiteleza kwenye kokoto za nyumbani, mchubuko ni uleule: mlango ulio wazi. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, timu za Kigongo na Misungwi zinavuka hadi kwenu kwa dakika chache. Mechi zitaongezeka, na kugusana pia.

Kwa hiyo kila mmoja awe na taulo na chupa yake ya maji. Vizibao vifuliwe kila baada ya mazoezi na kuanikwa juani. Mchubuko uoshwe papo hapo kwa maji safi na sabuni, ufunikwe. Kabla ya mazoezi, tenga dakika 5 za kuangalia ngozi na kuuliza habari za kifua.

Waoge kwa sabuni mara wakimaliza, ila wasijitose ziwani. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi ndani ya maji, na muwasho unaofuata huchukuliwa kuwa upele. Baadaye huja maumivu ya tumbo na damu kwenye choo. Maji ya ziwa yakikaa siku 2 kwenye ndoo yenye mfuniko, yanafaa kuogea. Wale ambao wamekuwa wakioga ziwani waulizie dawa ya kichocho, prazikwanteli, zahanati.

Wahi hospitali bila kungoja kukicha ukiona mtu anapumua kwa shida, ana maumivu ya kifua, anakohoa damu, au kidonda kinavimba na kutambaa huku homa ikipanda.

Kocha, umesema kipa hataki kukaa nje. Si mkaidi. Anaogopa kupoteza namba, na anayemficha kocha jipu lake naye anaogopa hilohilo. Dawa ya woga huo haiuzwi dukani, unayo wewe. Waambie wote wakiwa wamekusanyika: anayepumzika kwa ugonjwa, namba yake inamsubiri. Kisha itimize mara ya kwanza, hata kama ni mechi kubwa. Wakishaona umetimiza, watakuja wenyewe kukuonyesha baka likiwa dogo. Anza na kipa, mwambie hivyo kesho mkiwa njiani kwenda kupima.